Anayeuguza Ugenini

Ukimkuta mtu ameketi kwenye benchi nje ya wodi, ukamwuliza kilichomleta, mara nyingi atakujibu kwa neno moja: "Nauguza." Lugha yetu imelitoa neno hilo ndani ya kuugua. Anayeugua yuko kitandani, anayeuguza yuko kando yake, na kati ya maneno hayo mawili ni sauti moja tu imeongezeka. Siku hizi muuguzi ni mtu wa taaluma, mwenye sare na cheti, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini kabla ya sare hiyo kufika kwetu, kazi ya kuuguza ilikuwa ya mke, mume, mama au dada.

Katika makala haya nataka kumtafuta mtu huyo katika historia ya Kanisa. Tumeandika mengi juu ya matabibu wamisionari na hospitali zetu, na tunawaombea wagonjwa kila Jumapili kwa majina yao. Anayeuguza hatajwi sana, hasa yule aliye mbali na kwao. Nakiri mapema kwamba simtafuti kwa kupenda vitabu tu. Mwaka 2009 mtu huyo nilikuwa mimi.

Nianze na Mombasa. Wengi wetu tunamfahamu Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kianglikana la CMS. Tunamkumbuka kwa kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapwa mwaka 1882 baada ya kufa kwake, na kwa kazi ya kutafsiri Maandiko aliyoianza Mombasa mwezi Juni 1844 kwa kitabu cha Mwanzo. Mwezi uliofuata huwa tunaupita haraka. Krapf alikuwa amefika pwani mwaka huohuo pamoja na mkewe, Rosine, akiwa na barua ya Sultani Seyyid Said wa Unguja. Mwezi Julai wote wawili walishikwa na homa kali. Rosine alikuwa mjamzito, akajifungua mtoto wa kike katikati ya ugonjwa huo, na siku chache baadaye akafariki. Mtoto naye hakukaa.

Mombasa wakati ule haikuwa na hospitali. Hakuna aliyejua kwamba homa ile inaletwa na mbu; jambo hilo lilikuja kuthibitishwa mwishoni mwa karne ile. Wala Krapf hakuwa na mtenda kazi mwenzake wa kumshika mkono, kwa maana Johannes Rebmann alifika mwaka 1846. Waliowazunguka walikuwa majirani wa miezi michache, watu wa imani nyingine. Krapf mwenyewe alikuwa hoi, na baadaye aliandika kwamba ilimbidi ajikokote kutoka kitandani kwake ili ahakikishe kwa macho yake kama kweli mkewe amekufa. Rosine alikuwa ametaka azikwe upande wa bara, ili watu wapitao wakiliona kaburi lake wakumbuke kilichowaleta. Kaburi hilo lipo mpaka leo, upande wa Nyali.

Habari hii tumezoea kuihubiri kama habari ya ushujaa, na kwamba kaburi lile lilikuwa mbegu ya injili pwani. Silikanushi hilo. Lakini nilipoisoma tena baada ya mwaka 2009, macho yangu yalibaki kwa yule mume anayejikokota sakafuni. Alikuwa anauguza naye mwenyewe hana wa kumwuguza. Mahubiri yetu hufika kaburini upesi mno, yakaziruka zile siku ambazo mume na mke walilala chumba kimoja, kila mmoja akimsikiliza mwenzake anavyohema.

Sasa niseme yangu, kwa kifupi kadiri niwezavyo.

Mke wangu alianza kutokwa na damu mwishoni mwa mwaka 2008. Mahali pa kwanza tulipokwenda walituambia ni mambo ya umri, wakatupa dawa za maumivu. Tulizitumia miezi mitatu. Hatimaye daktari mwingine alimpima vizuri, akatuandikia rufaa: saratani ya shingo ya kizazi, aende Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road. Sisi ni wa Sumbawanga, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huko, na barabara ya kwetu mpaka Tunduma ilikuwa bado ya vumbi. Mikoani hapakuwa na tiba ya mionzi wakati ule. Ukiwa Rukwa, Kigoma, Mtwara au Kagera, njia ilikuwa ileile: panda basi uende pwani.

Tulilala Mbeya, tukaingia Dar es Salaam usiku wa siku ya pili. Mke wangu akalazwa. Mimi nikapata hifadhi Mbagala, kwa kijana wa jirani yetu wa nyumbani aliyekuwa amepanga chumba kimoja. Wodi ni ya wanawake, mwanamume halali humo. Kwa hiyo kila asubuhi nilipanda daladala mpaka Kivukoni, nikashuka na kutembea kandokando ya bahari, nikapita Ikulu, nikafika na kusubiri saa ya kuona wagonjwa. Nikitoka na nguo zake chafu, jioni nazifua. Yule kijana alicheka siku ya kwanza aliponiona nafua kanga. Siku ya pili alininunulia sabuni.

Saa za kusubiri ni nyingi, na mtu husoma hata ukuta. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza habari za jengo lile la zamani linaloelekea baharini. Lilijengwa na Wajerumani, likakamilika mwaka 1897, na lilikuwa hospitali ya Wazungu: maofisa, wafanyabiashara, watu waliotoka mbali na kwao wakashikwa na homa katika nchi wasiyo na ndugu. Liliwekwa pale ili wapate upepo wa bahari. Waafrika na Waasia walikuwa na hospitali yao, iliyotokana na fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara Mhindi wa Bagamoyo aliyefariki mwaka huohuo wa 1897. Jina lake bado linasikika Muhimbili, kwenye wodi za Sewahaji. Msomaji atanisamehe nikimtaja hapa katika kitabu cha Kanisa, ingawa hakuwa Mkristo. Nadhani Bwana wetu, aliyemchagua Msamaria kuwa mfano, hatakasirika.

Basi nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wageni kutoka Ulaya, tangu mwaka 1996 imekuwa taasisi ya saratani ya taifa. Mimi nilikaa barazani pake pamoja na watu kutoka karibu kila mkoa, sote wageni. Mmoja alitoka Tarime, mwingine Newala. Hatukujuana majina. Tuliitana kwa wagonjwa wetu: wewe wa kitanda cha dirishani, wewe wa yule mama wa Newala.

Hilo la nyumba ya wageni lilinirudisha kwenye historia ya mbali zaidi, ambayo niliwahi kuisikia katika mafunzo ya wazee wa kanisa na sikuitilia maanani. Katika karne ya nne, huko Kaisaria ya Kapadokia, mji ambao leo unaitwa Kayseri nchini Uturuki, kulikuwa na askofu aitwaye Basili. Njaa kubwa ilikuwa imeipiga nchi ile karibu mwaka 369. Basili alikusanya chakula na kuwalisha watu, na katika miaka iliyofuata akajenga nje ya mji majengo ya kuwapokea maskini, wenye ukoma, wasafiri na wagonjwa. Rafiki yake, Gregori wa Nazianzo, alipomhubiri baada ya kifo chake alilisifu kama mji mpya uliosimama kando ya mji wa zamani. Wanahistoria wengi huitaja kazi ile miongoni mwa hospitali za kwanza kabisa.

Wapo waliomshitaki Basili kwa liwali wa jimbo, wakisema anajenga mno. Barua yake ya kujitetea ipo mpaka leo. Ndani yake anaeleza ni kina nani anaowajengea: wageni, wale wanaopita njia na wale wanaohitaji kutunzwa kwa sababu ya maradhi. Kisha anataja watu na vitu vilivyohitajika humo. Wapo wauguzi, wapo matabibu, wapo wanyama wa kubeba mizigo, na wapo watu wa kuwasindikiza wasafiri.

Angalia jinsi alivyowaweka pamoja mgonjwa na mgeni. Neno la Kiyunani walilolitumia Wakristo wa zamani kwa nyumba za namna hiyo lina maana ya mahali pa kupokea wageni, na neno hospitali lenyewe, tulilolipata kupitia Kiingereza, shina lake la Kilatini ni mgeni. Mwenye kwao na ndugu zake aliugulia nyumbani. Nyumba ile ilikuwa ya yule aliyekatwa na safari. Tena Basili hakuishia kwa tabibu na dawa, alimkumbuka hata msindikizaji. Sisi wa huku tunajua maana ya kusindikiza: mgeni haachwi mlangoni, anasogezwa mpaka njiani. Sikujua kama askofu wa miaka zaidi ya 1,600 iliyopita aliliona jambo hilo kuwa sehemu ya tiba.

Hospitali za misheni zilipofika Afrika zilikuwa na sura mbili. Ya kwanza ni ya Ulaya: wodi safi, kengele, saa za kuona wagonjwa, ndugu wakae nje. Sura hiyo ina sababu zake, maana maambukizo ni kitu cha kweli. Sura ya pili ilitoka kwa watu wenyewe, ambao hawakukubali mgonjwa aje peke yake. Albert Schweitzer alipoanza kazi Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, akitibia kwanza katika banda lililokuwa la kuku, wagonjwa walimjia kwa mitumbwi wakiwa na wake, waume, watoto na vyungu vyao. Mkewe, Hélène, alikuwa na mafunzo ya uuguzi na alifanya kazi pamoja naye. Schweitzer hakuwafukuza wale ndugu. Aliijenga hospitali ikawa kama kijiji, ndugu wakapika na kulala humo. Wageni kutoka Ulaya walimlaumu baadaye kwamba pale ni pachafu, na pengine walikuwa na haki kwa sehemu. Lakini mgonjwa wa kule alipofumbua macho usiku alimwona mtu wa kwao.

Narudi kwangu, kwa sababu kuna jambo ambalo nisipoliandika haya yote niliyosema hayatakuwa na uzito.

Wiki ya tatu fedha ilikwisha. Mahindi yalikuwa shambani, watoto wako kwa shangazi yao, na mionzi ilikuwa haijafika nusu. Mke wangu alikuwa hali chakula, anatapika, na hakutaka nimguse. Akaniambia, "Baba watoto, nenda ukawaangalie watoto. Mimi nina wenzangu hapa." Nilijua hakumaanisha. Nikajifanya sijui. Nikapanda basi.

Niliporudi zilikuwa zimepita siku kumi na moja. Nilimkuta ameoshwa, amesukwa, na kanga zake zimekunjwa. Mdogo wake yule mama wa Newala ndiye aliyefanya yote. Nikamshukuru mpaka akaona haya. Kisha dada huyo, bila ubaya wowote, akaniambia, "Kumbe umerudi, shemeji. Dada alituambia wewe ni mtu wa safari sana."

Mimi si mtu wa safari. Ni mwalimu wa shule ya msingi na mkulima. Katika wodi ile walikuwamo wanawake ambao waume zao walikwenda kuangalia watoto na hawakurudi. Ugonjwa wenyewe, kwa mahali ulipo, huwapa wanaume wengine kisingizio. Mke wangu alikuwa amejiandalia maelezo mapema, ili kama nami sirudi asionekane ameachwa. Aliyatunga siku ile ile niliyoondoka. Niliketi kwenye benchi nikatazama bahari, na sikuweza kusali.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumapili nilikwenda ibadani, katika usharika ule wa jijini nilikokuwa nimekwenda mara mbili kabla ya kuondoka. Kila mara katibu alisema wageni wasimame, tukasimama, tukapigiwa makofi na kuambiwa tujisikie nyumbani, tukaketi. Ibada ikiisha watu husalimiana kwa makundi ya wanaojuana, na mgeni huondoka. Simlaumu mtu. Kwetu tunafanya vilevile, na mimi mwenyewe, nikiwa mzee wa kanisa, nimewapigia makofi wageni wengi na sikuwahi kumfuata hata mmoja kumwuliza amelala wapi.

Mara ile ya tatu mama mmoja wa makamo alinifuata mlangoni.

"Mwanangu, nimekuona umerudi. Una shughuli gani huku?"

"Nauguza, mama. Mke wangu yuko Ocean Road."

"Na wewe umekula?"

Sikujibu. Nilikuwa sijaulizwa swali hilo tangu tutoke Sumbawanga. Kesho yake alikuja hospitali kwa daladala mbili, na hotpoti mbili ndani ya kikapu. Akanikabidhi ya kwanza: "Hii uji wa mgonjwa." Ya pili akaishika kidogo kabla ya kuniachia. "Hii wali, ni yako. Usimpe yeye, na usigawe. Kula hapa nikuone." Nikala mbele yake kama mtoto. Alikuja hivyo kila Jumatatu na Ijumaa mpaka tulipopewa ruhusa.

Tangu hapo mfano wa Msamaria Mwema nausoma kwa namna nyingine. Katika Luka 10 yule mtu alimfunga majeruhi vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akamtunza. Zile dinari mbili anazitoa siku ya pili. Kwa hiyo alikesha naye usiku mzima. Alikuwa na safari yake, mbali na kwao, katika nchi ya watu wasiochangamana na Wasamaria. Tunaimba na kuhubiri juu ya aliyempa majeruhi mafuta na divai. Mimi hujiuliza usiku ule nani alimpa Msamaria chakula, na kama mwenye nyumba alimletea hata maji ya kunawa. Luka hasemi. Lakini hospitali nyingi za Kanisa zimejengwa juu ya mfano huo. Hata KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilianzishwa na shirika lililobeba jina la Msamaria Mwema. Swali langu linahusu waliokesha kwenye mabaraza ya nyumba hizo.

Mke wangu alimaliza matibabu, tukarudi nyumbani. Yupo, na amenipa ruhusa kuandika haya, ingawa anasema zilikuwa siku kumi na mbili, si kumi na moja.

Mwaka 2010 nilipeleka hoja kwenye baraza la wazee la usharika wetu. Desturi ilikuwa kwamba mshirika akipewa rufaa, jumuiya yake inachanga nauli ya mgonjwa. Niliomba zichangwe nauli mbili. Tulibishana jioni nzima. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliuliza, "Mwalimu, tukimlipia na mume aende, shamba nani atapalilia?" Mwingine akajibu kwamba kama hatuwezi kupalilia shamba la mtu kwa mwezi mmoja, basi tusijiite jumuiya. Hoja ilipita kwa kura chache, ikiwa na masharti kwamba kila jumuiya ipange zamu ya shamba na ya watoto, na kwamba katibu atafute usharika wa kule mgonjwa anakokwenda na kuupigia simu kabla ya basi kuondoka.

Haikwenda vizuri kila mara. Mwaka wa njaa tulishindwa kabisa, na zipo simu zilizopigwa zisipokelewe. Daftari la katibu lina majina ya waliosafiri, na mbele ya kila jina la mgonjwa kuna jina la pili, la anayemsindikiza. Wiki iliyopita liliandikwa jina la kijana aliyeoa mwaka jana. Mkewe amepewa rufaa ya Mbeya. Alikuja kwangu usiku kuuliza atakachohitaji kubeba. Nikamwambia achukue mkeka, ndoo ndogo na sabuni ya kufulia. Zamu ya shamba lake wiki hii ni yangu.